Dawa ya Kusafisha Tangi Lisilojaa

Baba yangu hakuwahi kujaza tangi la gari lake. Katika miaka ya uasi hakuna msafirishaji wa Beni aliyejaza tangi kwa hiari, kwa sababu gari lenye mafuta mengi ndilo askari walilolichukua wakaenda nalo mbali. Gari lenye mafuta ya kufika tu lilikuwa na nafasi ya kurudi. Baba alijifunza hilo alipokuwa kijana, katika uasi wa kwanza uliofuata uhuru, akisafiri na babu. Uasi wa zamani zetu ulipokuja, tayari alikuwa na mazoea yake: tangini aliweka mazutu kidogo, yaani dizeli, na akiba aliificha.

Aliificha mahali pa wazi kabisa. Kamioneti yetu ilibeba mchele na mawese kutoka Mbau kwenda Butembo, na mawese yalikuwa katika bidoni, madumu ya njano yaliyofanana yote. Moja kati ya hizo ilikuwa na mazutu. Mkono wake ulifungwa uzi wa katani, na waliojua maana ya uzi ule ni baba, mama na mimi.

Mazoea hayo yalitulinda na askari, lakini yaliiumiza moteri. Gari linalonyonya mafuta kutoka chini ya tangi kila siku hunyonya pia kila kilichotua huko chini, na kwetu vilitua vingi. Mazutu yalivuka mpaka wa Kasindi, yakapita mikono mingi, yakamiminwa katika bidoni ambazo juzi tu zilibeba mawese. Baba aliyachuja kwa kipande cha kitambaa cha kichwa cha mama. Kitambaa kilizuia majani na mchanga. Maji na utelezi wa mawese vilipita. Ikafika wakati gari likawa linatoa moshi mweusi na kuchoka kwenye kila mlima, na njia ya kwenda Butembo ni milima.

Asubuhi moja mjomba wangu, kaka wa mama, alifika uani kwetu na chupa. Aliuza vipuri sokoni Beni na alikuwa na ulimi wa kuuza chochote.

“Shemeki,” alimwambia baba, “hii njo dawa ya moteri. Unaimwanga ndani ya tangi, basi. Inasafisha tangi, inasafisha mabomba, inasafisha mpaka ainjekteri.”

Baba aliigeuza chupa juani. Maandishi yake yalikuwa ya Kiingereza na hakuna aliyeyasoma pale.

“Na ule uchafu,” aliuliza, “ikishatoka ku tangi, inaenda wapi?”

“Inaungua! Inatokea ku eshapoma, kule nyuma, na moshi.”

“Yote?”

“Eh, shemeki! Weye unaogopa askari, unaogopa mulima, sasa unaogopa na chupa?”

Mama alicheka. Baba hakucheka, lakini alifungua kifuniko cha tangi. Nadhani hakushawishiwa na mjomba. Alifikiria milima ya mbele yake na gari lililokuwa likizidi kudhoofu. Alimwaga nusu ya chupa, akaisukuma iliyobaki chini ya kiti. Tukapakia, tukaondoka. Mimi nilikwenda kuuza mchele sokoni Butembo, na pia kwa sababu mama aliamini gari lenye mwanamke mbele halisimamishwi kwa ukali.

Kwenye kizuizi cha kutokea Beni tulisimamishwa. Komanda mmoja, kijana mwenye sauti ndogo, alikuja dirishani na askari watatu nyuma yake, akamwita baba mzee kwa Kifaransa.

“Vieux, tunaenda Butembo. Tufike mbele ya jua kuingia. Mazutu iko?”

“Iko kidogo, komanda. Ya kufika tu.”

“Ingine hapana?”

“Hapana.”

Askari watatu walipanda nyuma, wakakaa juu ya bidoni za mawese. Komanda aliingia mbele, nikabanwa katikati yake na baba.

Lazima nieleze tulichokuwa tukikiogopa. Muda mfupi kabla ya safari hiyo, dereva mmoja wa mtaa wetu alikuwa amewabeba askari kama sisi. Gari lake lilizimika njiani. Walisema alitia sukari katika tangi ili kuwachelewesha, wakampeleka msituni, na mkewe hakupewa hata viatu vyake. Kama alitia sukari au la, sijui. Ninachojua ni kwamba tangu siku hiyo, gari kuzimika ukiwa na askari halikuwa tena jambo la ufundi.

Mwanzoni moteri ilikwenda vizuri kuliko kawaida. Baba alinitupia jicho, nami nikaelewa kwamba alikuwa anaanza kumsifu mjomba moyoni. Kisha, tulipoanza kupanda, ikakohoa. Ikashika tena. Ikakohoa mara mbili, ikapoteza nguvu, ikazimika katikati ya mlima, baba akakanyaga breki.

“Njo nini?” aliuliza komanda.

“Filtre, komanda. Dakika kidogo.”

Alifungua kikombe cha filtre, chujio la mafuta, chini ya boneti. Ndani mlikuwa na tope jeusi, laini, kama mabaki ya kahawa chini ya kikombe, na ndani yake vipande vya ngozi nyekundu vilivyotelezesha vidole. Yalikuwa mawese ya miaka. Dawa ilikuwa imefanya kazi yake: ilibandua kila kilichoganda tangini, na pampu ikakivuta chote kwa pamoja. Baba aliosha filtre, akapuliza bomba kwa mdomo, akatema, akasukuma pampu ya mkono. Moteri ikawaka.

“Hii gari inakohoa kama koko yangu,” alisema askari mmoja huko nyuma, akimtaja babu yake, na wenzake wakacheka.

Ilipozimika mara ya pili, hawakucheka. Mara ya tatu tulikuwa karibu na Maboya, penye migomba pande zote na nyumba zilizofungwa milango. Baba alikuwa chini ya boneti. Komanda alinyoosha mguu, kisigino chake kikagonga kitu chini ya kiti, akainama. Alipoinuka alikuwa na chupa mkononi.

Alishuka polepole. Alifungua kizibo, akanusa.

“Vieux. Kuya hapa. Njo nini hii?”

“Dawa ya moteri, komanda.”

“Nusu iko wapi?”

“Ndani ya tangi. Nilitia asubuhi.”

“Asubuhi. Mbele ya kutuona ama nyuma?”

“Mbele, komanda yangu. Muulize mwanangu.”

“Siulize mutoto wako. Nakuuliza weye. Nani alikutuma uharibu hii gari?”

“Gari iko yangu,” alisema baba. Sauti yake ilikuwa tulivu, lakini mikono yake myeusi ilikuwa imeinuka kidogo bila kuambiwa. “Nitaharibu gari yangu sababu gani? Ile dawa inasafisha. Uchafu ilikuwa mingi, ikatoka yote mara moja. Angalia.” Akanyoosha kiganja chenye tope.

Komanda hakuangalia kiganja. Alimrudishia chupa.

“Kama iko dawa, tia yote.”

Niliona baba anafikiri, na kwamba anafikiri kama fundi mahali palipohitaji hofu.

“Hapana, komanda. Nikiongeza, tutalala hapa.”

“Unakatala dawa yako mwenyewe?”

Askari wawili walikuwa wameshuka. Mmoja alikoki bunduki. Mlango wa nyumba moja ulifunguka kidogo, ukafungwa.

Baba alitazama bidoni za nyuma, mara moja tu, akainamisha macho. Hapo nikaelewa. Njia ya kulitoa gari pale aliijua: kuliacha tangi na uchafu wake, kuweka mazutu safi juu, ndani ya kabini, na kuyashusha kwa bomba la mpira hadi kwenye moteri. Mazutu yalikuwepo, chini ya askari. Lakini yeye alikuwa ameulizwa kizuizini kama yapo mengine, naye akajibu hapana. Akiyatoa sasa, mtu aliyedhaniwa kutia sumu angekuwa pia mtu aliyedanganya.

Mimi sikuwa nimeulizwa.

“Komanda,” nilisema. Niliteremka. “Kati ya mawese iko bidoni moja ya mazutu. Miye njo niliificha. Nilitaka kuiuzisha Butembo. Papa hajue.”

Komanda alinitazama, akamtazama yeye, akarudi kwangu.

“Donc, papa ni mujinga na mutoto ni muongo,” alisema. “Ao papa ni muongo na mutoto anamufunika. Onyesha.”

Nilipanda. Askari aliyebaki nyuma alikuwa ameikalia yenyewe. Nilimwomba asogee, akasogea, nikaishika kwa uzi wa katani na kuishusha. Komanda alifungua, akachovya kidole, akanusa, akanusa tena. Nadhani ni harufu ile ya kawaida iliyomshusha hasira. Alikuwa ametegemea kitu kingine.

“Vieux, ukitufikisha, utalala kwako. Ukizima tena, sitauliza kitu.”

Baba alikata mpira, akaupitisha dirishani, akaufunga kwa kitambaa kilekile cha kuchujia. Bidoni niliipakata mimi, mdomo wa mpira ukiwa ndani yake, na niliambiwa nisiache uguse chini. Tukapanda hivyo, mazutu yakinimwagikia miguuni kwenye kila kona, komanda akiwa amebanwa kando yangu na kuniangalia mikono. Moteri haikukohoa. Niliisikiliza kama mtu anavyosikiliza pumzi ya mgonjwa.

Baadaye, watu wengi wenye magari wameniuliza kama dawa zile zinafaa, kwa kuwa kisa hiki kilijulikana. Jibu langu ni lile la baba, ambaye kesho yake alilishusha tangi, akaliosha kwa mazutu na mchanga, akalikausha, halafu akaendesha miaka bila kununua chupa nyingine. Alisema dawa haikudanganya. Inabandua uchafu kweli, na katika tangi safi mtu anaweza kuitia akipenda, ingawa faida yake ataitafuta kwa tochi. Katika tangi chafu inakuletea kwa siku moja uchafu wa miaka. Mwenye tangi chafu aanze na kuliosha, na anunue filtre kabla ya kununua chupa. Mjomba aliendelea kuziuza, akiwaambia wateja waende nyumbani kwanza wakaoshe. Sijui kama waliosha.

Tulifika Butembo jua likiwa bado juu ya vilima. Komanda aliteremka karibu na soko, akatuzunguka, akatazama mpira uliopita dirishani, miguu yangu iliyolowa, na boneti iliyofungwa kwa waya. Alichukua bidoni na kilichobaki ndani yake. Ufunguo alimwachia baba.

“Hii gari iko mugonjwa,” alisema. “Hapana yangu.”

Walikuwa na safari ya kuendelea, kwenda Lubero. Upande wa pili wa barabara lilisimama lori la mfanyabiashara wa kahawa, Mkatoliki aliyesalimiana na baba kila walipopishana njiani. Alikuwa akishusha magunia ya mwisho. Komanda alimwambia baba:

“Weye unajua moteri. Ile iko muzuri?”

“Sijue, komanda. Gari ya mutu, sijue.”

“Bon. Tutasikia.”

Alimwamuru mwenye lori awashe. Moteri ikaitikia mara moja, sauti sawasawa, hata moshi hakuna. Mtu yule alikuwa akilitunza lori lake kuliko sote; alichuja mazutu mara mbili na kubadili filtre kabla hazijachoka. Askari walikuwa wamekwisha kupanda kabla hajazima. Alimwomba komanda ruhusa ya kuendesha mwenyewe, maana lori lililokwenda na mwenyewe huenda likarudi, na alipokuwa akifunga mlango alimwita baba kwa sauti ya kawaida, kama anayemwachia ujumbe wa soko.

“Papa, upite kwangu Bulengera. Uambie mama batoto.”

Gari letu halikuwaka tena jioni ile. Tulilisukuma pembeni, tukapanda hadi mtaa wa Bulengera kwa miguu, baba mbele, akijifuta mikono kwa majani ya njiani bila kufaulu kuitakatisha. Mke wa yule mtu alikuwa uani akichambua maharage. Alituona tunaingia wawili, akatazama barabara nyuma yetu, akaweka ungo chini.

“Anaendesha mwenyewe,” alisema baba, kabla hata ya salamu. “Nilimuona. Njo yeye anaendesha.”