Nilihamisha Kontena, Nikaziacha Sauti za Wazee

Admin, nakuomba ufiche jina langu. Nina miaka kumi na nane, niko hapa Kindu, nimemaliza sekondari mwaka huu. Mimi ni mtu wa haya. Darasani nilikuwa najua jibu na bado nanyamaza. Ujumbe huu nimeuandika mara tatu nikaufuta, lakini leo ni Jumatano na mambo yote ni Jumamosi.

Baada ya mtihani wa serikali nilijiunga na kituo kidogo kinachofundisha vijana kutengeneza programu za kompyuta. Mwalimu wetu tunamwita Yaya, kama tunavyomwita hapa kila kaka au dada mkubwa. Alianzisha kazi ya kukusanya sauti za wazee waliopotelewa na watu wao wakati wa vita, ili familia zije kuzisikiliza pamoja Jumamosi hii. Mimi ndiye niliyerekodi kwa simu, maana bibi wengi hawapendi kusimulia mbele ya wanaume.

Bibi mmoja alitoka ng'ambo ya mto. Alinieleza walivyokimbia wakifuata reli, mtoto mmoja mgongoni, mwingine akimshika mkono, na jinsi yule wa mkononi alivyopotea kwenye vurugu. Alipomaliza aliniuliza, “Mutoto wangu, hii maneno yangu itabakia?”

Nikamwambia, “Itabakia, bibi.”

Miezi miwili baadaye alifariki.

Mtandao hapa ni ghali, kwa hiyo hatupakui kitu mara mbili. Yaya alitufundisha kutumia makontena: programu na vyote inavyohitaji vinakaa ndani ya kontena moja, unalifungasha kama faili, unalibeba kwa flashi, na linafanya kazi vilevile kwenye kompyuta nyingine. Tulipopata kompyuta mpya nilipewa mimi kuiandaa. Nililibeba kwa flashi kontena la programu ya kusikilizia sauti zile, likawaka palepale. Wavulana waliozoea kuniita “Mademoiselle Bubu”, yaani binti bubu, walipiga makofi. Yaya akasema, “Muone! Mwenye haongei njo mwenye anajua.” Kisha akaniambia nisafishe kompyuta ya zamani ili aitumie na wanafunzi wapya. Nikaifomati siku hiyohiyo, kila kilichokuwemo kikafutika.

Sauti hazikuwa ndani ya kontena. Zilikuwa kwenye folda ya pembeni ambayo kontena linaisoma tu, na ukilifungasha, folda hiyo haiendi nalo. Sisi tumezoea kubeba kila kitu kwa flashi, nami nikaamini nimebeba vyote. Kwenye simu nilikuwa nimezifuta kitambo kwa sababu nafasi ilijaa. Jumatatu nilifungua orodha ya sauti kwenye kompyuta mpya. Majina yote yapo. Ukibonyeza jina, kimya.

Nilimwambia rafiki yangu mmoja tu wa kituoni. Alicheka kwanza, akidhani namtania. Halafu akasema, “Shangazi yako si anaongea kama wale bibi? Murekodi yeye. Wazee wote wanalia namna moja.”

“Na mutoto wa ule bibi mwenye alikufa je?”

“Si alikuwa mugongoni? Atakumbuka nini ya ile vita?”

Nilirudi nyumbani. Naona aibu kukiri kwamba nililifikiria jambo hilo jioni nzima.

Jana nilikwenda kwa fundi wa kompyuta sokoni, nikamuuliza kana kwamba ni tatizo la mtu mwingine. Akasema, “Vyenye vilifutwa vinaweza kurudi, pengine. Lakini kila kitu kipya wanaandika kwa ile mashini kinafunika vya zamani. Mwambie huyo mutu asiiguse tena.” Na wanafunzi wapya wanafanya mazoezi kwenye kompyuta hiyo kila asubuhi. Mimi nakaa meza ya pili, nasikia vidole vyao kwenye kibodi. Leo nilisimama mlangoni kwa Yaya. Akaniangalia kwa furaha, “Sema, mademoiselle.” Nikaomba chaki.

Mchana yule mtoto wa mgongoni, ambaye sasa ni mama mtu mzima anayekaa Lubutu, alinipigia simu. “Mudogo wangu, kesho napanda pikipiki nakuja. Mama hakunieleza vita hata siku moja. Kila nikiuliza, anaingia jikoni. Wewe ulimusikia. Alitaja jina langu?”

Nikasema, “Ndiyo, yaya. Alilitaja.”

Akalia, akanishukuru, simu ikakatika. Na hilo ni kweli, alilitaja mara mbili. Lakini sikumwambia kwamba huenda nimebaki mimi peke yangu niliyesikia.

Ndugu zangu, najua kunyamaza kwangu kunazidi kuzifunika sauti zile. Ila nikisema, Yaya hataniamini tena na kazi yoyote, na huyo mama atafiwa mara ya pili kwa mkono wangu. Nianze na nani, Yaya au yeye kabla hajapanda pikipiki? Na ulimi ukikwama, neno la kwanza liwe lipi? Nitukaneni baadaye. Kwanza nijibuni kabla ya saa mbili asubuhi kesho, maana saa hiyo ndiyo wanaiwasha ile kompyuta.