Dirisha Lililokunywa Jua

Niliunda mashua Salale kwa miaka mingi kabla ya kuhamia Kibiti, na katika miaka yote hiyo nilikuwa na sheria moja: ubao na ubao zibanane. Nafasi ni mlango wa maji. Ubao ukikaa majini hunywa, hufura, hujifunga wenyewe. Nilijivunia jambo hilo kuliko inavyompasa mtu anayesomesha darasa la subira msikitini kila Alhamisi. Mwenyezi Mungu anisamehe.

Mume wa binti yangu ni fundi magari. Ana gari dogo la zamani, la usukani wa kushoto, analoshindana nalo mbio na madereva wenzake wa ridhaa, kwenye njia za vumbi za upande wa Ngorongo. Mwaka huu wakaguzi wao walitaka vioo vya milango ya mbele vitolewe, viwekwe vya plastiki ngumu inayoonyesha. Na sharti viwe vya kubandua kwa mkono, ili gari likipinduka dereva aweze kutoka au kutolewa. Mkwe wangu alinunua karatasi moja ya plastiki hiyo Dar es Salaam, ya kutosha madirisha mawili tu. Ukaguzi ulikuwa kesho yake asubuhi. Akaja kwangu kwa sababu nina msumeno wa meno madogo na, alivyosema, mkono usiotetemeka.

Alikuwa amekata boksi kama kipimo. Niliposhika penseli niliona kipimo chake ni kidogo kuliko fremu ya mlango, pengine kwa unene wa kidole.

"Hiki kimepungua," nikasema.

"Baba, unaonaje tukiacha nafasi kidogo?"

"Nafasi ya nini? Maji yapite?"

"Hakuna maji, baba. Vumbi tu."

"Vumbi ni maji ya nchi kavu, mwanangu."

Akacheka, akainamisha kichwa, akasema, "Sawa, baba." Nikachora mstari wangu nje ya wake. Nikapiga bismillahi, nikakata.

Dirisha la kushoto liliingia kwa kugongwa na kiganja. Halikupitisha hata unywele. Alifunga vibanzi vya kugeuza alivyovitengeneza ili vilishikilie dirisha, nami nikasimama kulitazama kama mtu aliyejaliwa mjukuu. Adhana ya adhuhuri ikalia. Hapo nikafanya jambo ambalo bado linanikera: nikaagiza gari litolewe bandani lisukumwe hadi barazani, juani, ili watu wakitoka msikitini walione.

Waliliona kweli. Tuliporudi, dirisha lilikuwa limevimba katikati kama chapati inayoumuka juu ya chuma. Binti yangu alikuwa ameketi kiti cha dereva, amegeuza vibanzi vyote, analisukuma kwa mikono miwili. Halikutoka.

"Baba," alisema kutoka ndani, jasho linamtiririka, "mume wangu akipinduka, atatokea wapi?"

Mkwe wangu akaingiza bisibisi pembeni, akavuta taratibu. Halikusogea. Akavuta tena, tukasikia *kwaa*. Ufa ulianza pembeni, ukapita katikati.

"Ubao hunywa maji," binti yangu akasema huku akishuka. "Hii naona imekunywa jua."

Nikamgeukia mkwe wangu. "Ulijua itafura?"

Alikuwa anafuta bisibisi ambayo haikuwa na uchafu. "Nilidhani hivyo, baba."

"Alijua!" binti yangu akadakia. "Jana usiku alinieleza mimi jikoni, hadi kunionyesha kwa vidole."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Mkewe akamjibia. "Akukosoe wewe, baba? Si ulimwozesha wewe?"

Nilikasirika. Nilimkasirikia mkwe wangu kwa adabu yake, nikaikasirikia plastiki, nikalikasirikia jua la Kibiti ambalo halijawahi kunificha tabia yake. Nikaenda kutia udhu tena ingawa nilikuwa nao. Maji yalipofika viwikoni nikakumbuka kwamba aliniuliza, na mimi ndiye niliyemjibu kwa mzaha.

Dirisha la kulia nilimwachia. Alikata kwa mstari wake, akazungusha utepe wa mpira kuziba nafasi. Tukaliacha juani hadi alasiri. Binti yangu akaketi ndani, akageuza vibanzi, akasukuma kwa kiganja kimoja, likaniangukia mikononi.

Asubuhi mkaguzi alilipitisha la kulia bila neno. La kushoto aligusa ufa kwa ukucha. "Hili likivunjika linakata. Litoe, kimbia bila."

Akakimbia bila. Alirudi uso wake upande wa kushoto ni mwekundu kwa vumbi, jicho limefumba, anakohoa kama mzee wa rika langu. Alikuwa wa mwisho kasoro mmoja, lakini alikuwa mzima, alhamdulillahi.

"La kulia halikutikisika, baba," aliniambia. Hakusema lolote kuhusu la kushoto. Hilo ndilo lililoniuma.

Wiki iliyopita alileta karatasi nyingine. Nikamwambia kabla hatujaanza: "Leo sahau kwamba mimi ni mkweo. Nikikosea, nizuie."

"Ndiyo, baba."

Nikachukua penseli, nikachora kwa makusudi mstari ule ule wa nje, nikangoja. Alitazama mstari. Akatazama viatu vyake.

"Unaonaje, baba," akasema, "tukimwita mke wangu kwanza?"