Marahaba Iliyoharibu Kesi

Juzi lori la mpunga kutoka Kibaoni lilileta habari ambayo sikuitaka: yule mama aliyekuwa akiuza tiketi kwenye ukumbi wa dansi hapa Mpanda amefariki, na wamekwisha kumzika huko kwa kaka yake. Wasomaji wa safu hii mmezoea kunisoma nikiwasema wengine. Leo najisema mwenyewe, mnivumilie.

Tulikuwa majirani. Miaka sita alikaa kwenye kibanda cha mlangoni, na juu ya paa la kibanda hicho mwenye ukumbi alifunga spika mbili kubwa zilizoelekezwa sokoni ili kuita wateja. Sisi tulicheza, tukarudi nyumbani masikio yakivuma kidogo, na kufikia Jumatatu tumesahau. Kwake mvumo ule haukuisha. Siku moja mvua ilipiga mabati kwa kishindo, naye akaendelea kuchambua mchele ndani huku nguo zake zikilowa kwenye kamba. Nilipokwenda kumshtua alicheka, kisha akalia. Haukupita muda akaachishwa kazi kwa kuwa eti anawajibu wateja ovyo, ndipo akaenda mahakama ya mwanzo kudai fidia ya masikio yake, na mimi nikamsindikiza.

Cheti cha daktari kilisema hasikii vizuri, hakikusema kwa nini. Mwenye ukumbi, kijana tu, akajitetea: "Muziki ni muziki, mheshimiwa. Mbona wanaocheza hawajaziba masikio?" Hakimu akamwuliza, "Wale wanakuja kwa kupenda na wanaondoka. Huyu uliyemweka chini ya spika kutwa, ulimwuliza?" Mimi nikaanza kuona haki inamjia jirani yangu.

Hakimu akatoka kidogo, tukakaa kwenye benchi la nje pamoja na wazee wa baraza. Mwenye ukumbi akapita nyuma yetu. "Shikamoo mama." Hakusikia. Nikaona aibu, mtu mzima kuiacha shikamoo bila jibu mbele ya wazee, hata kama ni ya mtu mnayeshtakiana naye. Nikamgusa goti, nikamwonyesha kwa kichwa kuwa anaamkiwa. Akageuka, akaitikia kwa adabu zote, "Marahaba baba." Tuliporudi ndani yule kijana akasimama: "Mheshimiwa, huyu mama anasikia. Nimemwamkia kwa nyuma sasa hivi, kaitikia. Wazee hawa ni mashahidi." Wazee wakakubali, wala hawakusema uongo, maana waliyoyasikia ndiyo waliyoyasema. Hakimu akauliza kama yupo mwenye la kuongeza. Nilikuwa nalo. Lakini niliogopa kuonekana mjinga, na, nikiri yote, yule kijana alikuwa akiniingiza ukumbini bure. Nikainamisha kichwa, na madai yakatupwa.

Nje akaniuliza kwa ile sauti yake ya juu, "Eti kaka, wamesemaje?" Nikamwinamia sikioni, nikapaza sauti: "Wanasema ushahidi hautoshi!" Akanishika mkono. "Basi, bwana. Asante hata hivyo, wewe ndo umekuja kukaa na mimi." Sijawahi kushukuriwa kwa uchungu kama ule.

Aliyevunjika mguu kazini tunamwona akichechemea, tunampisha njia. Aliyeharibiwa masikio anaonekana mzima, na asipoitikia tunasema ana kiburi. Kumbi zinaongezeka mjini kwetu, spika nazo zinazidi ukubwa, na kila ukumbi una mtu anayeshinda chini yake kwa sababu ndipo alipopata kazi. Anayemweka hapo anapaswa kuwajibika kwa madhara, na sheria itamke hivyo waziwazi. Hata hivyo siwezi kuisingizia sheria kwa lililotokea siku ile. Hakimu aliuliza vizuri kabisa, akasubiri, na mimi nilikuwa nimekaa pale na jibu mdomoni. Mwenye kulijua jambo na asimame alitamke siku hiyo hiyo linapohitajika. Mimi nimelitamka leo, tena lote, na aliyelihitaji amekwisha kuzikwa.