Kilio cha Kijana wa Ndege ya Mabomu

Jumamosi nilisimama mapokezi ya nyumba moja ya wazee hapa Columbus, Marekani, nimekumbatia sufuria la maharage linaloniunguza kitambi. Mbele yangu mama Mkongo anayemhudumia bibi mmoja pale. Nyuma, kwaya nzima ya kanisani.

"Tumekuja matangani," nikamtafsiria dada wa mapokezi.

"Nani kafa?"

"Kaka wa bibi. Ndege yake ya mabomu ilitunguliwa kwenye Vita vya Pili vya Dunia."

Akavua miwani. "Mama yangu alikuwa hajazaliwa! Mmechelewa mno."

Mama akagonga kaunta. "Bon, umuulize: watu walikuya kumupa bibi pole siku gani?"

Nikauliza. Akafungua daftari la wageni, akalifunga.

Jamani! Nchi hii ina sikukuu ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani, na siku hiyo magodoro huuzwa nusu bei. Ila wa kukaa na dada wa marehemu hakuna, na akipatikana anasimamishwa mlangoni na sufuria lake!

Bibi mwenyewe akatokea kwa kiti cha magurudumu, mapajani picha ya kijana mwenye kofia ya jeshi.

"Habari ilipofika nilikuwa mtoto," akasema. "Wakanipeleka kwa jirani nikacheze."

Akatutazama mmoja mmoja.

"Haya, nani anaanza kulia?"