Pumzi ya Mtungi

Miaka ya mwisho ya ukoloni, mimi ndiye niliyekuwa nikijaza hewa mitungi ya wazungu waliopenda kuzamia nje ya mwamba wa Likoni. Karakana yetu ilikuwa Changamwe. Niliijaza kila Ijumaa, na hewa yake sikuwahi kuionja. Nilipomwomba bwana mwenye karakana, mzungu naye, anichukue nami kuzamia, alicheka, kisha akakubali kwa sharti: nikishikwa na hofu mara moja tu, sirudi tena.

Akanipa na onyo. Unapopanda usibane pumzi, maana hewa ya mtungi hutanuka kifuani na mapafu hupasuka. Nikaitikia. Kuitikia ni rahisi. Baba yangu alizamia kambakoche maisha yake yote kwa kifua chake mwenyewe, na tangu utotoni alinifunza kwamba pumzi haiachiwi mpaka kichwa kitoke nje.

Siku hiyo ya kwanza, pima sita chini, miwani yangu ikaingia maji. Sikuona kitu. Nikabana pumzi kama nilivyolelewa, nikapiga miguu kwenda juu. Bwana akanidaka mguu, akanitia ngumi ya tumbo, hewa ikanitoka yote.

"Basi," akaniambia tulipofika mashuani. "Hii si yenu."

Niliona aibu, halafu nikaona hasira. Kuogopa niliogopa, wallahi kaburi nililiona. Lakini kufukuzwa bahari ya kwetu na mtu aliyeshuka melini juzi, hilo halikunishuka kooni.

Kila asubuhi nikawa naingia maji ya kifua pale Mtongwe. Nazama, kisha nainuka nikiguna "mmm" mfululizo, kwa sababu anayeguna hawezi kubana pumzi. Miwani naijaza maji kusudi, naitoa maji kwa kupuliza puani. Siku moja baba akaja kunitazama.

"Wataka kufa maji weye? Pumzi waitupa!"

"Baba, ya kifua utabana. Ya mtungi sharti uitoe."

Akanipa mgongo, akarudi zake nyumbani.

Wiki ya tatu nikamwendea bwana. Nikamwambia Jumapili nazama. Akanikumbusha sharti lake.

"Mitungi naijaza mimi," nikamjibu. "Jumapili nisipozama, Ijumaa tafuta mwingine wa kuijaza."

Akasema nisichelewe.

Pima sita zile zile, nikaivua miwani kwa mkono wangu mbele ya macho yake. Hofu ikaja. Haikuwa imepungua hata chembe. Kifua kikataka kufunga kama kilivyofunzwa. Nikaivaa miwani, nikaipuliza maji yakatoka, nikapanda taratibu nikiguna njia nzima, mapovu yakinitangulia.

Mashuani bwana akanivulia mtungi mgongoni. Akaniuliza ni wimbo gani niliokuwa nikiimba kule chini.

"Sikuwa nikiimba, bwana. Nilikuwa naogopa. Na Jumapili ijayo nitakuja kuogopa tena."