Karatasi ya Kufutia Wino

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, ni mwoga. Nalisema hili mbele yake na hakatai. Mjusi akianguka kutoka darini, yeye yuko juu ya kiti. Ndiyo maana yaliyotokea juzi kwenye chumba cha kuchapia cha chuo, mpaka leo siyaamini.

Ana miaka kumi na tisa pale, na wanafunzi wanamwita Mama Wino. Kila mwezi wanamletea gazeti lao limeandikwa kwa mkono, analipiga taipu, kisha analichapa. Mimi nafagia jengo hilohilo. Mwandiko ukishapigwa taipu hautupwi, unafutiwa wino kwenye rola ya mashine ya kuchapia. Ila wifi huuweka kwanza mpaka gazeti litoke, maana wanafunzi kwa kumsingizia makosa ya herufi hawajambo.

Mwezi huu kulikuwa na habari ya nyaya zilizo wazi kwenye bweni la wasichana. Mmoja alishapigwa na umeme bafuni. Habari haikuwa na jina la mwandishi. Nakala ya kwanza ilipomfikia mkuu wa chuo, akaamuru gazeti lisitoke, mwandishi atafutwe afukuzwe, na mtihani wa mwisho umebakiza miezi miwili. Eti anachafua jina la chuo! Nyaya hazichafui, gazeti ndilo linalochafua. Hebu nitokeeni huko!

Saa nne asubuhi mwalimu wa nidhamu akaingia bila hodi. Nilikuwa napangusa meza.

"Mama, naomba ule mwandiko," alisema taratibu. Afadhali angefoka. "Nikiuona tu nitamjua. Madaftari yao nasahihisha mimi."

Wifi alikuwa ameinamia mashine, viganja vyote vyeusi. "Upi, mwalimu? Hapa inapita mingi."

Mimi niliuona. Ulikuwa chini ya kopo la wino, mbele ya tumbo lake, umelala kifudifudi.

"Wifi," akaniita bila kugeuka, "nipe karatasi nifute rola. Hiyo hapo chini ya kopo."

Lo! Nilidhani amepagawa. Mwalimu akanitazama. Nikainua kopo, nikaivuta ile karatasi, nikampa vilevile, maandishi chini. Akaisugua kwenye rola, akaikunja, akaisugua tena mpaka ikawa nyeusi tititi.

Mwalimu akapekua droo, akamwaga sanduku la karatasi chakavu. Hakuna kitu. "Basi nani kaandika?"

"Mimi kazi yangu kuchapa, mwalimu, si kuchongea," wifi alisema. "Gazeti ni la wanafunzi. Na hizo nyaya, umekwenda kuziangalia?"

Mwalimu alimsukumia karatasi safi. "Kama hakuna mwandiko, basi habari umetunga wewe. Andika hivyo, utie sahihi. Au mtaje."

Nikamtikisia kichwa: usiandike! Miaka kumi na tisa, wifi! Akachukua kalamu, akaandika mstari mmoja na jina lake, na kila alipogusa pakabaki alama ya kidole.

Mchana msichana mmoja mwembamba akasimama mlangoni, macho yamemvimba. "Mama Wino, nakwenda kusema ni mimi."

"Thubutu!" wifi akamfokea. "Mimi nimeshachafuka, na wewe uchafuke kwa faida ya nani? Nenda kasome. Na uandike tena, wino hauishi."

Alipoondoka, wifi alikaa sakafuni, akatetemeka mpaka nikamkumbatia. Nami nilikuwa natetemeka, basi tukawa tunatetemeshana.

Leo asubuhi karani wa mkuu ameleta barua aliyoiandika mkuu kwa mkono ipigwe taipu, maana barua zote za chuo hupita kwa wifi. Ilikuwa ya kumfukuza kazi yeye mwenyewe. Ameipiga yote, amekosea herufi moja, akairudia. Kisha amefungua mashine kuisafisha kwa mara ya mwisho, akauchukua mwandiko wa mkuu wa chuo, akaufutia rola.