Thamostati ya Usicheke na Sufuria ya Mama

Harufu ya maji ya kutu yaliyochemka, ikachanganyika na harufu ya kabichi iliyopata joto, ndiyo harufu ya baba yangu. Wengine huwakumbuka baba zao kwa tumbaku au kwa sabuni. Mimi nikitaka kumwona wangu, inanibidi rejeta la gari bovu lifoke mahali karibu nami, nifumbe macho. Ataonekana pale pale, ameinama kwenye boneti, kitambaa mkononi, anafungua mfuniko taratibu kama mtu anayefunua chungu cha mkwewe. Gari lenyewe lilikuwa kuukuu tangu sijazaliwa: pikapu ya pua fupi yenye bodi ya mbao, na juu ya kioo cha mbele mwenye nalo wa kwanza alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe, USICHEKE. Watu wakacheka kwelikweli. Kuanzia Mlali mpaka kwetu juu Mgeta hakuna aliyelitaja kama gari la baba yangu, Baba Paska. Walisema Usicheke imepita, Usicheke imelala kwenye kona, Usicheke inaomba maji.

Hapa lazima nieleze jambo, maana asiye wa kwetu atanielewa nusu. Kwetu Uluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Matuta ya kabichi na njegere, migomba, hata kiwanja tulichojengea, vyote vilikuwa vya mama yangu na ndugu zake, na msemaji wao alikuwa kaka yake mkubwa, Mjomba Kondradi. Baba alikuja kuoa na jembe moja, spana tatu, na gari lile. Alilima kama wanaume wengine, lakini alilima shamba la shemeji zake. Shamba lake yeye lilikuwa Usicheke. Nimekuja kulielewa hilo nikiwa na nyumba yangu mwenyewe. Wakati ule, nikiwa na miaka kumi na moja, nilijua tu kwamba jioni alikuwa akilifuta vumbi na kulisemesha kwa sauti ya chini, na kwamba haikuwa adabu kumkatiza.

Msimu ninaoukumbuka ulikuwa wa kipupwe, miaka ile ruksa ya kuingiza bidhaa za nje ilipoanza kuonekana kwa macho. Kabla yake ulikuwa ukiingia dukani unakuta rafu na mwenye duka, basi, mnatazamana. Ghafla sabuni ikarudi, ikarudi na ndugu zake. Nguo za mitumba zikafika mpaka kwenye misa, na nakumbuka mzee mmoja wa kwaya aliyevaa koti la kike lenye vifungo vya dhahabu mpaka likamchakaa mwilini, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Lakini nimeacha njia. Nilitaka kusema kwamba pikapu za Kijapani nazo zikaanza kupanda mlima, nyeupe, zisizokohoa. Kipya kinyemi, kingawa kidonda. Akina mama waliokuwa wakimngoja Baba tangu alfajiri wakaanza kupakia kabichi zao kwenye gari lolote lililotangulia.

Na Usicheke ilikuwa ikichemka. Kila safari ya kupanda kutoka Mlali ilisimama mara tatu, mara nne, tukashuka na makopo kwenda mtoni. Sababu nilikuja kuijua baadaye. Miaka mingi nyuma fundi mmoja alikuwa ameitoa thamostati akaitupa. Thamostati ni kidude kidogo cha shaba, kama kizibo chenye springi, kinachokaa njiani mwa maji ya injini. Maji yakiwa baridi kinafunga, yakipata moto kinafungua yaende kwenye rejeta kupoa. Mafundi wetu wote walikuwa na neno moja juu yake: hicho ni kitu cha nchi za baridi, huku kwetu joto linatosha. Wakazitoa kwenye kila gari lililopita mikononi mwao. Ndiyo busara iliyokuwepo, na Baba aliipokea. Nani angemwambia kwamba kwenye injini kama ile, ukikitoa, maji mengi yanapita njia ya mkato yanarudi yalikotoka, rejeta hayalioni?

Mjomba Kondradi akaja nyumbani Jumapili moja baada ya misa, akakaa, akanywa chai yake yote kwanza. Ndipo akasema, "Shemeji, gari lako linakunywa maji kuliko ng'ombe, na maziwa halitoi. Liuze chuma chakavu. Dakawa kwenye mpunga wanatafuta watu wa kuendesha trekta." Baba akamwomba angoje mpaka njegere ziishe. Mama alikuwa anachambua mboga, na niliona anachambua zilizokwisha chambuliwa. Dakawa si mbinguni, mtu anakwenda na kurudi. Ila tuliwajua wanaume waliokwenda. Walirudi Krismasi, kisha walirudi Krismasi moja moja, kisha ikawa salamu tu.

Jumatano iliyofuata Baba alinichukua mjini tukauza mzigo, kisha tukaingia mtaa wa Mwembesongo kwa Mzee Shomari, aliyekuwa anauza vipuri. Nikamwamkia shikamoo, akaniuliza kama nimemletea baridi kidogo ya kwetu. Baba alipomweleza ugonjwa wa gari, mzee alitikisa kichwa. "Wamekutoa figo, wakakwambia unywe maji mengi," akasema. Akashusha kopo la maziwa ya unga lililojaa thamostati za kila aina, zilizokuja na ruksa kutoka nchi ambazo hata yeye hakuzijua, akazijaribisha moja moja kwenye kipimo cha karatasi mpaka zikabaki mbili zinazoenea. Zilifanana kama mapacha. Tofauti ilikuwa namba zilizogongwa pembeni. Baba shule hakuwahi kuingia kabisa, kwa hiyo alinipa mimi nisome, na mimi, niliyekuwa darasa la tano, siku hiyo nilijiona mwalimu mkuu. Moja ilikuwa sabini na nne. Nyingine themanini na nane.

"Sasa ipi?" Baba akaniuliza. Aliniuliza mimi, mbele ya watu.

Nikafikiri kama mtoto wa shule anavyofikiri. "Themanini na nane, Baba. Hii ndiyo iliyofaulu zaidi."

Mzee Shomari alicheka mpaka akavua kofia. Baba akamuuliza kama nimekosea. Akasema hajui, yeye anauza tu, hakuzipika yeye, ila kwa macho yake kubwa ni kubwa, hata betri ndivyo zilivyo. Akatukabidhi zote mbili, tutakayoona haifai tuirudishe safari ijayo. Baba akaifunga ile ya themanini na nane pale pale nje ya duka, na nyingine akaitia mfukoni.

Mjomba alikuwa mjini siku hiyo, akapanda nasi kurudi. Mpaka Mlali tulikwenda kama wafalme. Baba akawa anapiga mluzi. Tulipoanza kupanda, kona ya tatu, mluzi ukakoma, maana alikuwa amesikia kitu ambacho sisi hatujakisikia. Geji ya joto ilikuwa imekufa zamani, aliendesha kwa masikio. Kona ya tano Usicheke ikafoka kuliko siku zote, mvuke ukatoka mpaka kwenye miguu yetu. Mjomba akashuka, akapangusa kofia. Hakupaza sauti. Akasema Jumamosi ndiyo soko la mwisho la njegere: gari likipanda bila kuchemka, yeye hatatia neno tena mpaka afe, likichemka, Jumatatu shemeji yake anakwenda Dakawa. Baba akasema sawa. Akachukua kopo akateremka mtoni, na kwangu mimi hakugeuka wala kunilaumu. Afadhali angenichapa.

Kesho yake nilimweleza Mama, kwa machozi, habari ya namba na ya kufaulu. Mama alikuwa anainjika maharage. Nilidhani atanigombeza, kumbe aliuliza tu kile kidude kinafanya nini hasa. Nikamwambia: maji yakipata moto kinafungua. "Moto kiasi gani?" Sikujua. Akaipua maharage. Akaniagiza nimwite baba yangu, aifungue ile iliyofungwa aje nayo, na nyingine ile. Akazifunga zote mbili kwa uzi kwenye mwiko, akaulaza mwiko juu ya sufuria ya maji, zikaning'inia ndani bila kugusa chini. Tukachutama watatu kuzunguka mafiga, mchana kweupe, vichwa vikikaribia kugongana, Baba na mikono yake yenye grisi, kama watu wanaosubiri kifaranga kitoke.

Nyinyi mnaopika kwa umeme labda hamjui kwamba maji yana sauti. Kwanza yananyamaza. Kisha yanaanza kuimba, kisauti chembamba kama mbu aliye chumba cha pili. Kisha wimbo unakatika, ndipo yanachemka. Yalipokuwa yanaimba, ile ya sabini na nne ikafumbua kinywa, taratibu, na Baba akavuta pumzi. Ile yangu iliyofaulu ikakaa imefunga. Wimbo ukakatika. Imefunga. Mapovu makubwa yakaanza kupanda, sufuria ikatikisika, ndipo bibie akafumbua kidogo, kwa maringo.

Kumbe zile namba zilikuwa za joto la kufungulia. Mama akaondoa mwiko. "Baba Paska," akasema, "huku juu kwetu maji yana haraka ya kuchemka, maharage yana uvivu wa kuiva. Mjini sivyo. Nimepika huko, nimepika huku, najua. Hii kubwa inangoja maji yachemke ndiyo ifungue mlango. Nyumba ikishaungua ndiyo unawatoa watoto?"

Baba akaitazama sufuria, akamtazama yeye. "Na hii nyingine?"

"Hii inafungua yakianza kuimba. Mimi unga wa uji natia hapo hapo."

Jumamosi, ile ya sabini na nne ikiwa imefungwa garini, wakati wa kurudi Mjomba alikaa mbele, na katikati ya miguu yake aliweka galoni la maji alilolijaza mwenyewe Mlali, ili tumwone. Mimi nilikuwa katikati yao. Kona ya tatu Baba aliacha kupiga mluzi, nikaona anasikiliza, na mimi nikasikiliza, na nina hakika Mjomba naye alisikiliza. Kona ya tano. Baba alikuwa anapanda kwa gia ya chini, kidevu mbele, na mkono wake wa kushoto ukitoka kwenye gia unakuja juu ya goti langu, unarudi. Kile kipande cha mwisho chini ya kanisa, ambako Usicheke haikuwahi kupita bila kusimama tangu nipate akili, tulikipita watu wakatupungia mikono wakidhani tunaomba maji. Tulipofika Mjomba alishuka na galoni lake, akasimama nalo kidogo, kisha akalimimina lote kwenye mgomba wa dada yake. "Nimebeba mzigo wa bure, shemeji," akasema. Dakawa haikutajwa tena, na Mjomba ni mtu wa neno lake.

Ile nyingine Baba aliirudisha kwa Mzee Shomari, mzee akakataa kuipokea, eti iliyokwisha kupikwa hairudi dukani. Baba akanipa mimi. Akasema, "Chukua alama zako."

Usicheke ilipanda miaka mingine sita, kisha pikapu nyeupe zikashinda, kama ilivyokuwa lazima zishinde. Sizilaumu. Siku hizi kabichi zinateremka kwa magari yasiyohitaji mtu wa kuyasikiliza, na vijana wanapita kona ya tano bila kujua kwamba chini yake pana mto. Ni heri kwao. Mimi mwenyewe nayapanda, nalipa nauli, nasinzia. Baba alikufia nyumbani, kwenye shamba la mkewe, Mama amemshika mkono. Alipata hilo.

Muhula uliopita mjukuu wangu alinikimbilia na karatasi ya shule, hisabati themanini na nane. Nikamsifu, nikampa muwa. Halafu nikamkalisha jikoni, nikainjika maji, nikamwambia anyamaze asikilize, aniambie yakianza kuimba.